CHUMVI SI CHUMVI TU: IPI YAFAA KWA SAMAKI WETU?

Katika mji wa Arua, na hata Koboko iliyo umbali wa kilomita zipatazo 55 kaskazini yake, yapo maboma ambayo nyuma ya jiko utakuta tangi la saruji lililofunikwa kwa wavu. Ndani yake hamna maji ya kufulia. Mna ngege au kambare. Katika nyumba nyingine utakuta tangi dogo la kioo sebuleni, nalo lina samaki wa kupamba, na watoto wamelizunguka kama wanaotazama sinema. Na wale wenye shamba bondeni wamechimba bwawa.

Jambo hili ni la kusifiwa. Wakazi wa Panyimur, Pakwach na Rhino Camp wana maji makubwa mlangoni mwao, nao huvua. Lakini mwenye kukaa Koboko, karibu na mpaka wa Kongo na wa Sudan Kusini, samaki humfikia akiwa amekauka au amepanda bei. Tena askari wetu wanajua vyema kuliko wengine jinsi maziwa yalivyochoshwa na uvuvi haramu, kwa maana mwaka 2017 jeshi lilipewa kazi ya kuyalinda. Samaki afugwaye nyumbani ni kitoweo, na pia ni samaki mmoja mchanga aliyeachwa akue ziwani.

Lakini ufugaji una adui zake, na katika makala haya napenda tuzungumzie rafiki mmoja ambaye akitumiwa vibaya hugeuka kuwa adui mkubwa kupita wote. Rafiki huyo ni chumvi.

KOSA LANGU MWENYEWE

Yafaa nianze kwa kukiri. Mtu asidhani kwamba mwandishi ameyapata haya kitabuni tu.

Tangi langu la kwanza lilikuwa na urefu wa mita 3, upana wa mita 2, na maji ya kina cha sentimita 80. Nilinunua vifaranga 200 vya ngege, vikaletwa usiku kucha kwa gari kutoka upande wa Kampala, safari ya kilomita karibu 480. Fedha nilizotumia zilikuwa karo ya muhula mzima ya mwanangu. Mama watoto alikubali kwa shingo upande, baada ya mimi kumhakikishia kwamba samaki watairudisha karo hiyo na ya muhula utakaofuata.

Baada ya siku nne niliona vifaranga kadhaa vina utando mweupe mfano wa pamba kwenye mapezi. Nilikuwa nimesikia kwamba chumvi ni dawa. Nikamtuma kijana sokoni na agizo moja tu: alete chumvi nyingi, ya bei nafuu. Akarudi na kilo 10 za mawe ya kijivu yaliyosagika. Nikayamwaga yote jioni ile, nikalala nikiwa na moyo mkunjufu.

Alfajiri maji yalikuwa meupe kwa matumbo ya samaki.

Jirani yetu, mama mmoja mwenyeji wa Koboko, mke wa sajini, alikuja kutupa pole. Aliokota punje chache zilizobaki kwenye mfuko, akazionja kwa ncha ya ulimi, akatema.

“Mwalimu,” akaniambia kwa upole, “hii si chumvi ya mboga. Hii ni magadi ya maharagwe.”

“Mama, umejuaje?”

“Lete ndimu.”

Akakamulia matone mawili. Punje zikachemka na kutoa povu kama soda iliyofunguliwa. Kisha akaomba chumvi ya jikoni mwetu, akaikamulia vilevile. Ikanyamaza kimya.

Ndugu msomaji, somo lile la ndimu lilinigharimu karo ya muhula. Wewe nakupa bure. Kijana sikumlaumu, wala mwenye duka. Aliyeagiza “chumvi nyingi ya bei nafuu” bila kusema chumvi gani ni mimi.

KWA NINI SAMAKI WA MAJI BARIDI AHITAJI CHUMVI?

Mtu anaweza kuuliza: ngege na kambare ni samaki wa mto na ziwa, wana haja gani na chumvi?

Damu ya samaki ina chumvi, kama ilivyo damu yetu. Kwa makadirio ni gramu 9 katika kila lita, sawasawa na yale maji ya chumvi ambayo mgonjwa hutundikiwa hospitali. Maji ya kisima au ya mto hayana hata nusu gramu. Kwa sababu hiyo maji ya nje hupenya kila saa kuingia mwilini mwa samaki kwa njia ya matamvua, na chumvi yake hutaka kutoka. Samaki mzima huimudu kazi hiyo: hukojoa mno ili kutoa maji, na matamvua yake huirudisha chumvi. Lakini samaki aliyesafirishwa, aliyekwaruzwa magamba, au aliyeshikwa na ugonjwa huchoka. Hapo ndipo chumvi kidogo katika maji humpunguzia mzigo, mfano wa askari aliyetua begi baada ya mwendo mrefu.

Faida ya pili ni kuua wadudu na ukungu. Vijidudu vingi vishikavyo ngozi na matamvua ni vidogo mno, navyo haviwezi kustahimili chumvi ya ghafula kama samaki astahimilivyo. Vyenyewe hunyauka kabla samaki hajadhurika.

Faida ya tatu haijulikani na wengi. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki huoza na kuwa amonia, kisha hugeuka kuwa sumu iitwayo naitraiti. Sumu hiyo huingia katika damu na kuizuia isibebe hewa, hata matamvua yakawa na rangi ya kahawia badala ya nyekundu. Samaki huhema juu ya maji ingawa hewa imo. Ile sehemu ya chumvi iitwayo kloraidi huuziba mlango ambao naitraiti hupitia. Yafaa ifahamike kwamba kloraidi ya chumvi si klorini itiwayo katika maji ya bomba kuua viini. Hiyo ya pili ni hatari kwa samaki, na ndiyo sababu maji ya bomba hayana budi kuachwa wazi siku nzima kabla ya kuwekewa samaki.

CHUMVI ZILIZOPO SOKONI

Sasa tufike dukani. Vitu vingi huitwa chumvi, na si vyote vilivyo chumvi.

Ya kwanza ni chumvi ya mawe au ya chenga, itokanayo na bahari. Nyingi huvunwa pwani ya Kenya, katika mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana, jua hukausha maji, chumvi ikabaki. Hii ndiyo bora kwa samaki. Ni nafuu ikinunuliwa kwa gunia, na kwa kawaida haina mchanganyiko wa dawa nyingine. Iwe nyeupe, na ikiyeyushwa katika glasi maji yabaki maangavu. Takataka zikituama chini, yachuje kwa kitambaa.

Ya pili ni chumvi laini ya mezani. Tangu miaka ya 1990 nchi yetu imetaka chumvi ya kuliwa itiwe madini ya ayodini, ili kuzuia rovu na kudumaa kwa akili za watoto. Wengi huogopa kwamba ayodini itaua samaki. Hofu hiyo haina msingi. Kiasi kitiwacho ni miligramu makumi kadhaa tu katika kilo nzima, na kikisambaa tangini huwa kama hakuna. Linalostahili uangalifu ni lile unga litiwalo ili chumvi isigandamane. Mojawapo ya dawa hizo, ikikaa katika maji yanayopigwa na jua kali, huweza kuachilia sumu ya sayanidi kidogo kidogo. Kwa hiyo chumvi ya mezani yafaa kwa beseni la dakika chache, au kwa tangi dogo la kioo ndani ya nyumba. Kwa tangi kubwa la nje, tumia ya mawe.

Ya tatu ni chumvi ya Katwe. Katika Ziwa Katwe, wilayani Kasese, watu wamevuna chumvi kwa vizazi vingi. Kuna iliyo safi na kuna iliyo chafu. Maji ya ziwa lile yana chumvi ya kawaida pamoja na salfeti na magadi. Ni makali hata kiwanda kikubwa kilichojengwa pale kuelekea miaka ya 1980 kilishindwa kuendelea, kwa kuwa maji hayo yaliyala mabomba yake. Mapande yauzwayo kwa ajili ya mifugo usiyatie katika tangi. Ile nyeupe ya daraja la juu, ijaribu kwanza kwa ndimu.

Ya nne ni chumvi ya Kibiro, iliyo ufukweni mwa Ziwa Albert upande wa Hoima. Akina mama wa huko hukwangua udongo wenye chumvi, huuchuja kwa maji, kisha huchemsha maji hayo juu ya moto hadi chumvi ibaki. Ni kazi ya mikono na urithi wa mama kwa binti. Ukiipata, iweke jikoni. Ni hasara kuimwaga bwawani.

Ya tano, na ndiyo iliyoniponza, ni magadi. Magadi ni kabonati ya sodiamu. Katika Ziwa Magadi nchini Kenya yamechimbwa na kampuni tangu mwaka 1911. Hulainisha maharagwe na mboga ngumu, lakini katika tangi huyageuza maji kuwa makali kama ya sabuni. Wakati huohuo amonia iliyokuwa imetulia hugeuka kuwa sumu kali. Huenda msomaji aliyetembea akasema: “Mbona Ziwa Magadi lenyewe lina samaki?” Ni kweli, yupo ngege mdogo aishiye katika maji yale makali. Lakini huyo na babu zake wamezaliwa humo, na mwili wake umeumbwa kutoa uchafu kwa njia ambayo ngege wetu haijui.

Ya sita ni yale matofali ya kulambwa na ng'ombe. Mara nyingi huwa na madini ya shaba. Shaba kidogo humfaa ng'ombe, bali humwua samaki.

Mwisho, chumvi itokanayo na majivu ya mimea, ambayo wazee walitumia jikoni, ina asili nyingine na haifai. Tena mbolea ya yurea nayo ni punje nyeupe. Usiiweke kamwe katika kopo lisilo na alama karibu na chumvi ya samaki. Mtoto aliyetumwa hatajua tofauti.

VIPIMO: USIKADIRIE KWA KIGANJA

Askari hupewa risasi kwa hesabu. Chumvi nayo itolewe kwa hesabu.

Kwanza jua ujazo wa tangi lako. Zidisha urefu kwa upana kwa kina, vyote kwa mita. Tangi langu ni mita 3 mara 2 mara 0.8, yaani mita za ujazo 4.8. Kila mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Kwa hiyo lina lita 4,800.

Kwa samaki waliochoka, au waliofika sasa hivi kutoka safari, tumia gramu 1 hadi 3 kwa kila lita. Gramu 1 kwa lita katika tangi hili ni kilo 4.8. Gramu 3 ni kilo 14.4. Usimwage kwa mkupuo mmoja. Igawe mara tatu, uyeyushe kila fungu katika ndoo, na uimimine polepole kwa muda wa siku moja. Punje za mawe zisiangukie samaki, maana humchoma ngozi.

Kwa jerikani la lita 20 la kusafirishia vifaranga, gramu 60 zatosha.

Kwa ukungu na wadudu wa ngozi, bafu fupi ni bora kuliko kulitia chumvi tangi zima. Weka lita 20 za maji ya tangi lilelile katika beseni, yeyusha gramu 200 za chumvi, uwatie samaki wachache kwa muda usiozidi dakika 30. Usiondoke. Samaki akilala ubavu, mrudishe mara moja katika maji yake. Kambare hana magamba, kwa hiyo vifaranga vyake vianze na nusu ya kipimo hicho, yaani gramu 100.

Kwa sumu ya naitraiti chumvi ndogo sana yahitajika. Gramu 165 katika mita moja ya ujazo hutoa kloraidi gramu 100 hivi. Katika tangi langu hiyo ni gramu 800 tu, haifiki hata kilo moja. Lakini hiyo ni huduma ya kwanza. Tiba yenyewe ni kubadilisha sehemu ya maji na kupunguza chakula.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau: chumvi haipai na mvuke. Maji yakipungua kwa jua, ongeza maji matupu. Ukiondoa robo ya maji na kutia mapya, hapo ndipo utarudisha robo ya chumvi. Kama ulikuwa umetia kilo 14.4, utarudisha kilo 3.6. Mwenye kutia chumvi kila aongezapo maji atajikuta ameumba bahari ndogo bila kukusudia.

Akina mama wenye bustani wasikilize hapa. Maji ya samaki yasiyo na chumvi ni mbolea nzuri kwa dodo na sukuma wiki. Maji yenye chumvi yataunguza mboga na kuuharibu udongo. Yamwage mbali na bustani na mbali na kisima.

BWAWA LA UDONGO NI HABARI NYINGINE

Wenye mabwawa bondeni, iwe karibu na Mto Enyau au Mto Kochi, wasiige hesabu ya tangi. Chukua bwawa dogo la mita 20 kwa 10, lenye kina cha mita 1. Hizo ni mita za ujazo 200, yaani lita 200,000. Gramu 3 kwa lita zitahitaji kilo 600, ambazo ni magunia 12 ya kilo 50. Nani kati yetu atayanunua? Tena mvua ya siku mbili itafurika na kuipeleka chumvi yote katika shamba la jirani.

Samaki wa bwawa wakiugua, wavue kwa wavu, uwaogeshe katika beseni, kisha uwaweke katika maji safi. Na mara nyingi shida ya bwawa haitokani na ukosefu wa chumvi. Hutokana na udongo wenye uchachu, na dawa yake ni chokaa ya kilimo. Bwawa likiwa limekauka, nyunyiza kilo 10 hadi 20 katika kila mita 100 za mraba. Bwawa hili tulilolitaja litataka kilo 20 hadi 40. Kisha lijaze, ungoje wiki mbili kabla ya kutia vifaranga. Kabla ya kununua, mwombe afisa wa uvuvi wa wilaya akupimie udongo, kwa kuwa udongo usio na uchachu hauhitaji gharama hiyo.

Na wale wa matangi ya kioo sebuleni wasidanganyike kununua ile chumvi maalumu ya samaki wa baharini. Hiyo imechanganywa ili kuigiza maji ya bahari. Samaki wao wa maji baridi atatosheka na chumvi ya kawaida, tena anapougua tu. Chumvi ni dawa, si chakula. Samaki mzima katika maji safi aachwe na raha yake.

MASHAURI YA MWISHO

Kwa kufupisha, mfugaji ashike mambo matano. Anunue chumvi ya mawe iliyo nyeupe na safi. Aijaribu kwa ndimu, na ikitoa povu asiitie majini. Apime maji kwa mita na chumvi kwa mizani. Aiyeyushe kwanza na kuimimina kwa awamu. Na aandike katika daftari siku aliyoitia na kiasi alichokitia, hasa katika nyumba za askari, kwa maana baba huweza kuitwa zamu ya ghafula, na mama au kijana akaachiwa tangi bila kujua lililofanyika jana.

Tangi langu halikubaki tupu. Nililiosha, nikalijaza, nikalingoja. Karo tuliilipa kwa kubana matumizi miezi mitatu, na mama watoto hakunisimanga zaidi ya nilivyostahili. Vifaranga vya pili vilipofika, maji yalikuwa tayari na gramu 3 za chumvi kwa lita, chumvi niliyoinunua mwenyewe, nikaijaribu mwenyewe kwa ndimu mbele ya mwenye duka. Waliokufa hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Miezi sita baadaye tulipovua kwa mara ya kwanza, sahani ya kwanza ilipelekwa kwa yule mama wa sajini.

Aliipokea, akacheka, akauliza kama safari hii samaki wametiwa chumvi ya mboga.